Vali ya Vifuniko Viwili na Mbano wa Aota: Kisu, Puto, Stenti, na Vali Gani Ifuate

Mtoto anapogunduliwa ana mbano wa aota, yaani mshipa mkuu utokao moyoni umejibana mahali, mzazi huuliza kama utatibika. Swali la pili, ambalo wengi hawalifikirii, ni hili: vali yake ya aota ina vifuniko vingapi? Majibu ya maswali haya mawili yanategemeana, na uamuzi unaofanywa leo kuhusu mbano utaamua mambo fulani kuhusu vali miaka 20 au 30 ijayo.

Kwa hiyo ulinganisho huu hautafuti tiba "bora". Kila njia nitaipima kwa kipimo kimoja: inaacha nini kwa ajili ya safari ya pili, yaani siku ya kurudi kutibiwa tena? Mtu aliyezaliwa na kasoro hizi mbili, mara nyingi safari ya pili anayo.

Kasoro mbili kwenye bomba moja

Vali ya aota ni mlango kati ya chumba cha chini cha kushoto cha moyo na aota, mshipa mkuu unaogawa damu mwili mzima. Kwa kawaida ina vifuniko vitatu. Katika watu 100, mmoja au wawili huzaliwa na viwili tu, mara nyingi kwa sababu viwili kati ya vitatu vilishikana tumboni mwa mama. Hakuna kasoro ya moyo ya kuzaliwa iliyo ya kawaida kuliko hii, na wanaume wanayo kuliko wanawake, takriban watatu kwa mmoja.

Mbano wa aota, ambao madaktari huuita koaktesheni, uko mbele zaidi. Aota ikishatoka moyoni hupanda, hukunja kama mpini wa mwavuli (mkunjo huo ndio tao la aota), kisha huteremka. Pale inapoanza kuteremka, baada tu ya tawi linalokwenda mkono wa kushoto, ndipo hujibana. Hii ni adimu zaidi: watoto wapatao 4 katika kila 10,000 wanaozaliwa.

Sasa angalia uhusiano wao, maana hauko sawa pande zote. Ukichukua watu wenye mbano, nusu yao au zaidi wana vali ya vifuniko viwili. Ukigeuza, ukachukua wenye vali ya vifuniko viwili, wenye mbano ni 6 au 7 tu katika 100. Maana yake kwa vitendo: mwenye mbano lazima vali yake ichunguzwe kwa makini, na mwenye vali ya vifuniko viwili hahitaji kuogopeshwa, lakini apimwe presha ya miguu walau mara moja, na eko yake (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) ionyeshe tao lote la aota, isiishie kwenye vali.

Kwa nini huja pamoja? Kuna maelezo mawili. La kwanza ni la mtiririko: vali isiyofunguka vizuri hupunguza damu inayopita kwenye tao la aota la kijusi, na sehemu isiyopitiwa na damu ya kutosha haikui. La pili ni la tishu: seli zilezile za kiinitete hushiriki kujenga vali na ukuta wa aota, basi zikiwa na hitilafu, huharibu pote. Baadhi ya familia zina mabadiliko kwenye jeni la NOTCH1. Wasichana wenye sindromu ya Turner, waliozaliwa na kromosomu X moja kamili, wana kasoro hizi mbili mara nyingi kuliko wenzao. Mimi naegemea zaidi maelezo ya tishu, kwa sababu moja: mbano ukishatengenezwa vizuri kabisa, aota iliyo karibu na moyo bado inaweza kuendelea kutanuka. Kama tatizo lingekuwa la mtiririko tu, tungetarajia litulie.

Namna zinavyojitokeza

Vali ya vifuniko viwili ni mnyamavu. Mtu anaweza kucheza mpira, kuzaa na kustaafu bila kujua. Pengine daktari mwenye sikio zuri atasikia mlio mfupi mkavu mwanzoni mwa pigo, kisha mvumo. Matatizo huja taratibu: vali hukakamaa kwa chokaa na kubana, au haifungi sawasawa na kuvuja. Kubana kwake huwahi muongo mmoja au miwili kabla ya vali ya kawaida kuchoka.

Mbano hauna adabu hiyo. Ukiwa mkali hujitokeza katika siku za kwanza za maisha. Kijusi kina mrija unaounganisha mshipa wa mapafu na aota, na mara nyingi mbano uko mkabala na mrija huo. Mrija ukiwa wazi, damu hupita pembeni na mtoto anaonekana mzima. Ukifunga siku chache baada ya kuzaliwa, nusu ya chini ya mwili inakosa damu ghafla. Mtoto ananyonya kidogo na kuacha, anahema haraka, miguu inapoa, mkojo unapungua. Hapo dawa ya kwanza ni dripu ya prostaglandini inayofungua mrija tena ili upasuaji uandaliwe kwa utulivu. Hii si hali ya kukaa na kulinganisha chaguo.

Mbano wa wastani hujificha hadi utotoni au ukubwani. Dalili zake huchanganywa na mambo mengine: kichwa kuuma, damu za pua, miguu kuchoka au kuuma akikimbia, na presha ya juu kwa mtu asiyestahili kuwa nayo. Kijana wa miaka 16 mwenye presha ya juu asiandikiwe vidonge tu akaenda zake. Kwanza aguswe kinena.

Kitendo chenyewe hiki hapa, kwa kuwa hakigharimu kitu. Mlaze chali. Vidole viwili vya mkono mmoja viwe kwenye mshipa wa kifundo cha mkono wake wa kulia, vidole viwili vya mkono mwingine vizame kwenye kinena, katikati ya mkunjo wa paja. Kwa mtu mzima asiye na kasoro, mapigo mawili hufika pamoja. Kwenye mbano, la kinena huchelewa kidogo, au ni dhaifu kama mtu anayebisha hodi kwa kucha, au halipo. Kisha presha: mkono wa kulia na mguu. Mkono wa kulia kwa sababu tawi la kushoto linaweza kuwa ndani ya mbano wenyewe na kudanganya. Presha ya mguu kwa kawaida ni sawa na ya mkono au juu kidogo. Ikiwa mkono unasoma 145 na mguu 110, tofauti ni 35, na kuanzia 20 kwenda juu daktari huichukua kwa uzito.

Kufungua mbano: njia tatu

Njia ya kwanza ni upasuaji. Clarence Crafoord aliufanya Stockholm mwaka 1944, na tangu hapo msingi wake haujabadilika sana: kifua hufunguliwa ubavuni kushoto, kipande kilichobana hukatwa, ncha mbili hushonwa pamoja. Kwa watoto wachanga mara nyingi mshono hurefushwa hadi chini ya tao, kwa kuwa tao lenyewe nalo huwa jembamba. Faida yake kubwa ni kwamba kinachobaki ni mshipa wa mtoto mwenyewe, unaokua naye. Hasara: maumivu ya ubavu, siku za kulazwa, na hatari ndogo sana, chini ya 1 katika 100, ya uti wa mgongo kukosa damu na miguu kupooza. Kwa wachanga, mbano unaweza kurudi kovu likijikunja.

Kuna upasuaji wa zamani unaopaswa kujulikana na watu wazima waliotibiwa utotoni. Ule wa kubandika kiraka uliachwa na wengi kwa sababu ukuta ulio mkabala na kiraka ulikuja kuvimba miaka mingi baadaye. Ule wa kutumia mshipa wa mkono wa kushoto kama kiraka huacha mkono huo na mapigo hafifu, basi presha ikipimwa hapo inasoma chini kuliko ukweli. Kama ulipasuliwa utotoni na hujui ni aina gani, tafuta karatasi.

Njia ya pili ni puto, iliyoanza kutumika miaka ya 1980. Katheta, mrija mwembamba unaoingizwa ndani ya mshipa, hupitishwa kutoka kinena, puto hujazwa penye mbano, ukuta hutanuka kwa kuchanika kidogo kwa ndani. Hakuna kifua kinachofunguliwa. Lakini ni kuchanika huko huko kunakonifanya nisiipendekeze kama chaguo la kwanza kwa mbano ambao haujawahi kuguswa: mbano hurudi mara nyingi zaidi, na ukuta unaweza kuvimba. Kwa mbano uliorudi baada ya upasuaji, mizani inageuka. Kovu lililozunguka mshipa hufanya kazi kama mkanda unaoshikilia, na hapo puto ni chaguo la kwanza la madaktari wengi.

Njia ya tatu ni stenti, bomba la wavu wa chuma linalobaki ndani kuushikilia mshipa wazi. Kwa kijana mkubwa na mtu mzima, hii ndiyo inayoongoza sasa. Haitegemei kuchana ukuta ili kupata nafasi, na zipo zenye kitambaa zinazofaa pale ukuta unapoonekana dhaifu. Mgonjwa mara nyingi huenda nyumbani baada ya siku moja au mbili. Ubaya wake ni mmoja na ni mkubwa: stenti haikui. Ndiyo maana husubiriwa hadi mtoto afikishe kilo 20 hadi 25, wengine 30, ili mshipa wa kinena upitishe stenti inayoweza kutanuliwa tena hadi upana wa aota ya mtu mzima, kiasi cha sentimita 2.

Kwa kifupi, mchanga anapasuliwa, mkubwa anawekewa stenti, na aliyerudiwa na mbano anapewa puto, pamoja na stenti kama ukubwa wake unaruhusu. Ubishi halisi uko kwa mtoto wa miaka 3 hadi 8 hivi. Hapo uzoefu wa timu una uzito kuliko jina la njia. Muulize daktari kituo chao kimefanya mangapi ya aina hiyo kwa watoto wa umri huo.

Jambo moja linalofanana katika njia zote tatu: presha inaweza kubaki juu hata mbano ukifunguka kikamilifu, hasa kwa waliochelewa kutibiwa. Mishipa iliyozoea kusukumwa kwa nguvu kwa miaka 20 haisahau kwa mwezi.

Zikiwa pamoja, kipi kianze?

Hapa ndipo wagonjwa wengi huachwa gizani, kwa sababu vali hushughulikiwa na timu moja na mbano na nyingine.

Moyo wenye kasoro zote mbili unasukuma dhidi ya milango miwili iliyobana, mmoja nyuma ya mwingine. Eko hupima ukali wa vali kwa tofauti ya presha kabla na baada yake. Mbano ukiwa mbele, presha baada ya vali huwa juu, na tofauti hiyo inaweza kuonekana ndogo kuliko ukali wenyewe. Mbano ukifunguliwa, vali iliyosemwa "imebana wastani" inaweza kusoma "kali" bila kuwa imebadilika kitu. Siyo kosa la aliyepima.

Kwa kawaida, basi, mbano hutangulia. Sababu nyingine ni ya kiufundi. Upasuaji wa vali unahitaji mashine ya kuzungusha damu badala ya moyo, na ikiwa damu inaingizwa kwenye aota juu ya mbano, figo na utumbo chini yake vinaweza kukosa damu ya kutosha. Vivyo hivyo, vali inayopitishwa kwa katheta kutoka kinena lazima ipite pale penye mbano. Kufungua mbano kwanza, mara nyingi kwa stenti, na kurudi kwa vali baadaye moyo ukiwa umepumua, ni mpango wa busara kwa watu wazima wengi. Isipokuwa vali ikiwa ndiyo iliyobana vibaya na mbano ni mdogo. Hapo zamu inageuka. Kwa mchanga mwenye vyote viwili vikali, puto la vali na tiba ya mbano vinaweza kupangwa karibu karibu. Mtoto huyo achunguzwe vali ya mitral pia, ile iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, kwani kuna kundi la kasoro lililoelezwa na John Shone mwaka 1963 ambapo upande wote wa kushoto wa moyo una vizuizi kadhaa kwa mfululizo.

Vali ipi?

Vali hailazimiki kuguswa kwa kuwa tu ina vifuniko viwili. Inaguswa ikibana sana (eneo la mlango chini ya sentimita 1 ya mraba, au kasi ya damu ya mita 4 kwa sekunde na zaidi) pamoja na dalili kama kuhema, maumivu ya kifua au kuzimia, au moyo ukianza kuchoka. Na vivyo hivyo ikivuja kiasi cha kutanua moyo.

| Njia | Inamfaa zaidi | Inachodai | Safari ya pili |
|---|---|---|---|
| Puto | Mchanga na mtoto, vali imebana | Inaweza kuacha vali ikivuja | Karibu hakika |
| Kukarabati | Vali inayovuja, bado laini | Mpasuaji mzoefu wa kazi hiyo | Inawezekana |
| Ross (kuhamisha vali ya mapafu) | Mtoto, kijana | Operesheni ndefu, vali mbili kuguswa | Inawezekana, hasa upande wa mapafu |
| Vali ya chuma | Chini ya miaka 50 hivi | Warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) maisha yote | Nadra kuliko nyingine |
| Vali ya tishu (ya mnyama) | Zaidi ya miaka 65 | Kidogo | Ndani ya miaka 10 hadi 20, mapema kwa kijana |

Jedwali linarahisisha mno, kwa hiyo niongeze yale ambayo haliwezi kusema.

Vali ya chuma hudumu. Siku ya kwanza mgonjwa hulala na kusikia tiki-tiki kifuani kama saa ya mkononi chini ya mto. Wengi huzoea, wachache hawazoei kamwe. Gharama yake halisi ni warfarini. Damu hupimwa INR (kipimo cha muda inaochukua kuganda) mara kwa mara, na kwa vali ya kisasa ya aota lengo huwa kati ya 2.0 na 3.0. Ikishuka, damu inaganda juu ya vali. Ikipanda, unavuja damu. Dawa mpya za kuzuia damu kuganda zisizohitaji kipimo hicho hazitumiki kwa vali ya chuma: dabigatrani ilijaribiwa na jaribio likasimamishwa kwa sababu ya madhara. Swali la kujiuliza kwa unyofu ni kama unaweza kufika kwenye kipimo cha INR kwa uhakika, mwaka baada ya mwaka. Kama jibu ni hapana, uimara wa chuma ni wa karatasi tu.

Vali ya tishu hutengenezwa kwa vali ya nguruwe au mfuko wa moyo wa ng'ombe. Haidai warfarini ya maisha. Huchakaa, na kwa kijana huchakaa haraka zaidi kuliko kwa mzee. Mwanamke anayepanga kuzaa mara nyingi huichagua akijua atarudi kupasuliwa, kwa kuwa warfarini hupita kwenda kwa mtoto tumboni na hatari yake kubwa ya kuharibu maumbile ni wiki ya 6 hadi 12 ya ujauzito. Uamuzi huo ni halali kabisa, asikubali kuambiwa amechagua vali "dhaifu".

Operesheni ya Ross, iliyoanzishwa na Donald Ross London mwaka 1967, huhamisha vali ya mapafu ya mgonjwa mwenyewe kwenda kwenye aota, na vali ya binadamu aliyefariki huwekwa mahali pake. Vali iliyohamishwa hukua na mtoto, haidai warfarini, na hufanya kazi karibu kama ya asili. Lakini tatizo la vali moja linageuzwa kuwa la vali mbili, na kwa mtu ambaye aota yake tayari inatanuka, vali iliyohamishwa nayo inaweza kutanuka isipoimarishwa. Ni operesheni ya mikono michache. Mbele ya timu inayoifanya mara mbili kwa mwaka, mimi ningeondoka.

Vali ya kupitisha kwa katheta, ambayo Alain Cribier aliiweka kwa mara ya kwanza Rouen mwaka 2002, imewabadilishia wazee maisha. Kwa vifuniko viwili ina ugumu wake: mlango una umbo la yai, chokaa ni nyingi na haikukaa sawa, na pembeni panaweza kuvuja. Kwa kijana, isiwe jibu la haraka.

Aota yenyewe

Mtu anaweza kuwa na mbano uliofunguka na vali isiyo na shida, na bado hatari kubwa iko kati ya hivyo viwili: aota inayopanda kutoka moyoni, ambayo hutanuka na inaweza kuchanika. Mwenye vali ya vifuniko viwili hupasuliwa ikifika sentimita 5.5. Miongozo hushusha kiwango hadi 5.0 kama kuna kinachoongeza hatari, na mbano wa aota, hata uliokwisha kutibiwa, umo kwenye orodha hiyo. Kama kifua kinafunguliwa tayari kwa ajili ya vali, 4.5 inatosha. Mwambie anayesoma skani yako kwamba ulizaliwa na mbano. Bila hilo atakupima kwa rula ya watu wengine.

Mtu mzima aliyetibiwa mbano hufuatiliwa kwa MRI au CT ya aota yote kila baada ya miaka kadhaa, kwa sababu eko haioni vizuri pale paliposhonwa au penye stenti. Takriban mmoja katika 10 ana uvimbe kwenye mshipa wa ubongo, na vituo vingi huuangalia walau mara moja. Meno: kama una vali bandia, meza antibayotiki kabla ya daktari wa meno kugusa ufizi. Kama una vali ya vifuniko viwili ya kuzaliwa nayo tu, miongozo haidai tena, ila piga mswaki kama mtu anayejua kwa nini. Ndugu wa tumbo moja na watoto wako wafanyiwe eko. Takriban mmoja katika 10 hukutwa na vali kama yako, naye mara nyingi hajui.